Mikwaruzo kwenye kisu cha mfukoni: mkono unatosha, mele iache pembeni

Wengi wanapeleka kisu kwenye mele juu ya mistari midogo tu, na wanarudi nyumbani na kisu chenye kinang'aa lakini hakikati tena. Kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani, na maji, ubao na vipande vitatu ao vine vya papye vere.

Kisu cha mfukoni hakipate mikwaruzo mingi kwenye kazi yake. Nyama, miwa, kamba, maganda ya mihogo, vyote hivyo havina nguvu ya kuchora chuma. Kisu kinakwaruzwa siku ya kunolewa. Mtu anainama asubuhi kwenye ngazi ya sementi mbele ya mlango, anakilaza kisu ubavu mzima, anasugua kwenda na kurudi. Makali yanakuja, ni kweli, lakini ubavu unabaki na mistari kama shamba lililotoka kupigwa jembe. Kule Goma ni jiwe la volkano, lenye mashimo na punje kali; halikoseki kwenye parseli yoyote, na hakuna mtu analilipa. Mahali pengine ni ndani ya beseni: kisu kimechanganyika na masufuria, mchanga unapita, waya wa kusugulia unapita, na kisu hakikuomba hiyo yote.

Je, mistari hiyo ina ubaya? Inategemea. Kama kisu ni inoksi, mara mingi ni sura tu iliyoharibika. Kisu kinaendelea kukata kama jana. Mtu anaweza kukiacha hivyo miaka kumi na asipoteze kitu. Lakini kama ni chuma cha kawaida, kile Wafaransa wanaita cha karboni, mstari ni mfereji mdogo. Maji, chumvi, maji ya ndimu na utomvu vinalala ndani, kitambala hakifiki chini, na kutu inaanzia pale. Kutu ikisha kuchimba shimo, haiko tena habari ya mkwaruzo.

Kwa mkulima kuna jambo lingine. Tangu mwaka 2001, wakati ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, watu wa Kivu wanajua kwamba kisu na panga vinabeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja mpaka mwingine. Wanaombwa kusafisha chuma kila mara wanapotoka kwenye mgomba wenye ugonjwa. Ubavu laini unapanguswa mara moja na utomvu unatoka. Ubavu wenye mistari unaomba kusuguliwa, na nani shambani ana saa ya kusugua kisu baada ya kila mgomba? Kwa hiyo kuondoa mikwaruzo siyo kazi ya watu wenye kupenda vitu vya kung'aa tu.

Namna mele inaua kisu

Hapa njo penye hasara. Mtu anaona mistari, anasikia haya, anapeleka kisu kwa sudere wa karibu. Sudere ana mele ya umeme, ao ile mashini ya mkono yenye disiki ya kukatia vyuma, diskezi. Dakika mbili tu, cheche zinaruka, mistari yote imekwisha. Kisu kinang'aa kuliko siku kilinunuliwa. Mwenye kisu analipa, anafurahi. Kiisha siku mbili anashangaa: ananoa, kinakata nyanya moja, kinalegea. Ananoa tena, kinalegea tena. Anasema, "Kisu yangu imekufa", na kweli imekufa.

Kilichotokea ni hiki. Chuma cha kisu hakizaliwi kigumu. Kiwandani ao kwa mhunzi kinapashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, karibu digri 800, kiisha kinazamishwa kwa ghafula, mara mingi ndani ya mafuta. Pale kinakuwa kigumu sana, hata kinaweza kuvunjika kama kioo. Ili kisivunjike, wanakirudisha kwenye moto mdogo, tuseme digri 200 hivi, kwa muda. Hiyo joto ya pili njo inakipa kisu tabia yake: kigumu cha kutosha kushika makali, na si kigumu cha kuvunjika. Kwa chuma cha kawaida, kila joto inayopita ile ya pili inapunguza ugumu. Na ugumu ukienda, haurudi wenyewe.

Disiki ya mashini inazunguka mara maelfu kwa dakika. Kwenye makali, chuma ni chembamba kama karatasi, joto haina mahali pa kukimbilia. Mgongo wa kisu unaweza kuwa vuguvugu tu mkononi na makali yamekwisha kuungua. Ila chuma chenyewe kinasema ukweli, kwa rangi. Kikifika karibu digri 220 kinakuwa na manjano ya majani makavu. Karibu 260 kinakuwa kama kahawia. Karibu 280 ni zambarau, na karibu 300 ni bluu. Ukiona bluu kwenye makali ya kisu cha chuma cha kawaida, pale pamekwisha kulegea. Usikubali mtu akupanguse ile bluu na disiki nyingine na kukwambia ilikuwa uchafu: rangi itatoka, ulegevu utabaki. Dawa yake ni kusaga mpaka kuondoa sehemu yote iliyoungua, ao kurudia kazi ya moto kwa mhunzi anayeijua, na kwa kisu kidogo cha mfukoni haina faida.

Sisemi masudere ni watu wabaya. Mashini yao ilitengenezwa kwa milango na kwa vyuma vya nyumba, na kwa kazi hiyo ni mashini nzuri.

Kwanza ujue chuma chako

Kwenye visu vingi jibu limeandikwa juu ya ubavu. Opinel, kile kisu cha Savoie, Ufaransa, ambacho Joseph Opinel alianza kutengeneza mwaka 1890, kina mkono wenye taji, na karibu yake mara mingi kumeandikwa INOX ao CARBONE. Kuna pia Okapi. Kisu hicho kilianza Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumtambua okapi, mnyama wa misitu yetu ya Ituri. Na tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mnyama ni wetu, kisu kinatoka kwingine, ni hivyo. Okapi ya kawaida, yenye mpini wa mbao na nyota na miezi, ni ya chuma cha kawaida. Kwa hiyo inashika kutu upesi, na inaogopa moto kuliko inoksi.

Visu vingi vya sokoni havina jina la kuaminika, ao vimeandikwa inoksi na haiko hivyo. Usitumie sumaku kupima. Watu wengi wanafikiri sumaku haishiki inoksi. Haishiki ile ya masufuria na vijiko vingi, lakini inoksi ya visu inashikwa vizuri kabisa. Chukua kipande cha ndimu, kiweke juu ya ubavu, karibu na mpini pasipoonekana sana, ukiache dakika kumi. Chuma cha kawaida kitabaki na alama ya kijivu. Inoksi, yenye kromu isiyopungua asilimia 10.5, haitabadilika.

Kiisha pitisha ukucha wako juu ya mkwaruzo, kwa kukata mstari. Kama ukucha unapita bila kusimama, mkwaruzo uko juu juu, unaweza kuondoka. Kama ukucha unakwama, mstari ni mfereji kweli, na shauri langu ni kuuacha. Maana mkwaruzo hautolewi kama vile doa kwenye shati. Haujazwi pia. Tunachofanya ni kushusha chuma chote kilicho kando yake mpaka kifike chini ya mfereji. Mfereji ukiwa mrefu kwenda chini, chuma mingi inapashwa kuondoka, na kisu cha mfukoni hakina chuma mingi ya kutoa. Afazali kisu chenye kovu kuliko kisu chembamba. Mashimo ya kutu ni vilevile: ondoa kutu, paka mafuta, shimo liache.

Kazi yenyewe

Papye vere ya seremala, ile ya rangi ya manjano, haifai. Punje zake ni kubwa na maji yanaivunja. Tafuta papye vere ya maji, ile nyeusi ao kijivu nzito ambayo wapaka rangi wa magari wanatumia. Nyuma yake kuna namba. Namba ndogo ni punje kubwa, namba kubwa ni punje laini. Kwa mikwaruzo ya juu juu, 800, 1000, 1500 na 2000 zinatosha. Kwa mistari ya sementi pengine utashuka mpaka 400 ao 600. Kama kenkayeri inauza karatasi nzima tu, pitia kwenye garaji wanapopaka magari: vipande vya ukubwa wa kiganja vinabaki kila siku, na kwa kisu kimoja hauhitaji zaidi.

Osha kisu kwanza, na sabuni, mpaka mafuta na mchanga vitoke hata kwenye kiungo cha kukunjia. Punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya papye itachora mstari mpya mrefu kuliko ile unayotaka kuondoa. Kiisha fungua kisu, na kama kina pete ya kufunga, ifunge. Kilaze juu ya ubao wa kunyooka, makali yakiwa ndani ya ubao, yasipite ukingo wake. Mpini ukiwa mnene na unainua kisu, weka ubao mwingine mwembamba chini ya ubavu. Funga mpini kwenye ubao na kaucho ya ndani ya baiskeli. Wengine wanashika kisu mkono mmoja na kusugua na mwingine, hewani. Wanaishia kujikata, na haiko ajabu, juu mkono wenye kusugua una maji na sabuni. Funika makali na skochi ya karatasi, mikunjo miwili, kwanza kwa ajili ya vidole, kiisha kwa ajili ya makali yenyewe.

Papye usiishike na ncha za vidole. Kidole ni laini, kinazama kwenye mfereji na kuufuata, na mwishoni ubavu unakuwa na mawimbi. Izungushe kwenye kipande cha mti cha kunyooka, ao kwenye kipande cha kaucho kigumu, urefu wa kidole kimoja. Tia maji na tone la sabuni. Maji yana kazi mbili: yanabeba unga wa chuma ili usirudi kuchora, na yanazuia joto. Ukiona maji yamekuwa meusi, suuza, tia mengine.

Anza na namba laini, siyo na ile kubwa ya punje. Hapa watu wengi wanakosa uvumilivu: wanachukua 400 mara moja, na kila kitu 400 imechora inaomba nusu saa ya kufuta. Jaribu 1000 kwanza, mahali padogo, mipito ishirini. Mistari ikianza kupotea, endelea na 1000. Isipopotea, shuka mpaka 800, kiisha 600. Hivyo utashuka mpaka pale penye lazima, si zaidi.

Sugua kwa mstari mmoja, kutoka mpini mpaka ncha, mkono ukitelemka sawasawa. Usizungushe duara. Usisugue kwa kuelekea makali. Papye itakatwa, na kidole kiko nyuma yake. Namba ya kwanza ikimaliza kazi yake, ubavu wote una mistari midogo ya aina moja na ile mikwaruzo ya zamani haionekani tena. Suuza kisu, suuza ubao, badilisha maji, ndipo uchukue namba inayofuata. Na namba hiyo, inamisha mkono kidogo, mistari yake isiende sawa kabisa na ya kwanza. Sababu yake ni ndogo lakini ina akili: ukiangalia kwenye mwangaza wa dirisha, utaona wazi mistari ya zamani kama ingali pale, juu inakwenda upande mwingine. Zikisha kutoka zote, panda tena. Anayepanda mbele mistari ya nyuma haijaisha, atafika 2000 na kuona mistari ya 600 ikimwangalia.

Namba ya mwisho irudi sawa na urefu wa kisu. Hapo angalia kisu kilivyokuwa siku kilitoka kiwandani. Visu vingi having'ai kama kioo. Vina mistari laini sana ya upande mmoja, na inatosha kuirudisha hiyo. Ukisimama kwenye 1000 kisu kinaweza kufanana zaidi na chenyewe kuliko ukikifikisha kwenye kioo. Na kioo kina taabu yake: kinaonyesha kila mkwaruzo mpya, na baada ya wiki moja ya kumenya ndizi utarudi kwenye ubao.

Anayetaka kioo hata hivyo, baada ya 2000, achukue kitambala cha pamba na dawa ya kung'arisha shaba ao kromu za magari. Dawa ya meno inafanya kazi pia, ile nyeupe ya kawaida, kwa kuwa ndani yake mna unga laini wa kusugua, inachelewa tu. Majivu ya makala yaliyochekechwa na kitambala, yakichanganywa na mafuta kidogo, wazee wanayajua. Lakini yachekeche kweli: majivu ya jiko la nyumbani yana mchanga.

Siku inayofuata

Kisu cha chuma cha kawaida, baada ya kusuguliwa, kiko uchi. Ile rangi ya kijivu na bluu iliyokuwa juu ya ubavu, ambayo ilikuja yenyewe kwa kukata matunda na nyama, haikuwa uchafu; ilikuwa ngozi yenye kupunguza kutu. Na ile haikutoka na moto, usiichanganye na bluu ya mele. Umeiondoa pamoja na mikwaruzo. Kwa hiyo kikaushe palepale, mpaka ndani ya kiungo, na upake mafuta membamba usiku uleule. Kukiacha na maji mpaka asubuhi kunatosha kuona vidoa vya manjano. Ngozi itarudi kwa kazi. Mwenye haraka akate ndimu ao maembe mabichi siku mbili tatu, akiosha na kukausha kila mara.

Kwa mafuta: ubavu unaogusa chakula, mafuta ya parafini ya farmasi ni mazuri, ao mafuta ya kupikia, tone moja lililopanguswa. Kwenye kiungo weka mafuta ya mashini ya kushona. Mawese hapana, yanaganda na kushika vumbi mpaka kisu kinakataa kufunguka. Na mafuta ya zamani ya motere, yale yanatoka meusi kwenye magari, yasikaribie kisu cha kukatia chakula.

Wakulima wa migomba wako na tatizo lao, na haifai kulipitia mbio. Wanaambiwa kupitisha chuma kwenye moto, ao kukizamisha kwenye maji ya javeli. Vyote viwili vinaua ugonjwa, na vyote viwili vinaweza kuharibu kisu. Moto uwe wa kupasha mpaka kisu hakigusiki na mkono, siyo mpaka kibadilike rangi; rangi ikija tumerudi kwenye hadisi ya mele. Javeli inakula chuma, hata inoksi, na inaacha mashimo madogo: ikisha kufanya kazi yake, suuza na maji safi, pangusa, paka mafuta kabla ya kulala. Kwa ua la dume la ndizi, maagronomo wanashauri kulivunja na kijiti chenye panda. Pale kisu kinabaki mfukoni, na haja ya moto wala javeli haipo.

Kuna visu ambavyo haifai hata kuanza. Vile vyeusi vya sokoni, vyenye rangi iliyopakwa juu ya chuma: mkwaruzo ukiingia kwenye rangi, kusugua kutaondoa rangi yote, na chini mara mingi hakuna kitu kizuri cha kuonyesha. Kisu chenye jina ao mchoro uliochorwa juu juu nacho kina hatari: mhuri uliogongwa na chuma utavumilia, lakini maandishi membamba yanapotea kwa 800 kabla ya mikwaruzo yenyewe. Kama ni kisu cha babu na jina lake limeandikwa pale, sugua ule upande mwingine, ao usisugue kabisa.

Na siku ya kunoa tena, usirudi kwenye sementi. Kama hauna jiwe la kunolea, chukua kikombe cha udongo ao sahani, kigeuze chini juu. Utaona mviringo usio na rangi ya kung'aa, wenye kukwaruza kidogo: ni jiwe laini la bure. Tia maji, inua mgongo wa kisu kidogo, unene wa mgongo wenyewe mara mbili ao tatu, ubavu usiguse, na upitishe makali peke yake, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule.